Zamu ya Shamba la Mwisho

Same,
4 Machi 1974

Dada Nakiete,

Shikamoo. Mimi sijambo, na ofisini hawajambo. Jua la huku Same mwaka huu linatisha. Nasikia hata huko milimani maji yamepungua.

Barua hii inakuja na bahasha kubwa kwa mkono wa Sefu, utingo wa lori la mbao. Tafadhali ifungue ukiwa peke yako. Ndani kuna kalenda ya mwaka jana. Igeuze. Kilichochorwa nyuma yake ni mchezo, na mimi ndiye niliyeubuni. (Kalenda ni yangu, niliinunua. Sikutumia hata penseli ya ofisi.)

Mwezi uliopita, nikifungua barua za masijala, nilikuta waraka kutoka karakana moja ya vifaa vya kisomo huko Moshi. Wanatafuta michezo ya ubao itakayowafanya watu wazima wasome bila kuona kwamba wanasomeshwa. Mwenye mchezo bora ataitwa kwa majaribio ya miezi sita, awe mbunifu wa michezo. Dada, hiyo ni kazi! Kuna watu wanaamka asubuhi, wanavaa viatu, wanakwenda kubuni michezo. Niliusoma waraka ule mara nne kabla ya kuuweka kwenye jalada lake. Mwisho wa kupokea ni tarehe 30 Aprili.

Unakumbuka nilivyokuwa nikichora michezo vumbini nyuma ya jiko, wewe unanishinda halafu unafuta kwa mguu? Sijaacha. Nimekuwa nikificha tu.

Mchezo unaitwa Ndiva. Kwa kuwa waraka ni wa nchi nzima, nimeeleza mle kwamba ndiva ni bwawa la udongo linalokinga maji usiku, na mfongo ni mfereji unaoyateremsha mashambani. Wachezaji ni wanne, kila mmoja na shamba lake kando ya mfongo. Kunde ndiyo maji. Vinarushwa vifuniko vinne vya soda. Vitakavyolala chali ndivyo idadi ya kunde zinazoingia ndivani. Atakayejaza shamba lake kwanza ameshinda. Kanuni ziko ukurasa wa pili. Wajaribishe wanakisomo wako, ila usiseme mchezo ni wa nani.

Mdogo wako,
Anaeli


Vudee,
15 Machi 1974

Anaeli,

Marahaba. Bahasha niliifungua peke yangu kama ulivyoagiza. Nilidhani umeua mtu.

Kwanza kanuni zako. Ziko arobaini na moja! Ya kumi na saba inasema "isipokuwa pale ilipoelezwa vinginevyo katika kifungu cha 9(b)." Mwanahalima, yule mama anayeuza chumvi, akaniuliza, "Mwalimu, huu ni mchezo au tumeshtakiwa?"

Nikaziweka kando, nikawaeleza kwa mdomo. Mzee Nathanaeli akachukua shamba la juu, akashinda. Tukarudia, akashinda. Mara ya tatu watu waligombea kigoda chake. Anayekaa juu anakunywa kwanza, anayekaa chini anatazama kunde za wenzake. Mwanahalima alikuwa chini. Akasema, "Hapa mimi sina la kuamua. Wanaocheza ni vifuniko," akaenda kuchuma mboga.

Sasa linalonisikitisha. Umesahau kwenu? Baba alikuwa na shamba la mwisho kabisa kwenye mfongo, na siku ya kwanza baada ya msaragambo maji yalikuwa yake. Hakuna aliyeyagusa huko juu, hata awe nani. Na huo msaragambo wenyewe uko wapi? Ndiva yako haiingii tope. Haipulizwi baragumu, hakuna anayeitwa na jembe lake kwenda kuizibua pamoja na wenzake, hakuna anayejifanya mgonjwa siku hiyo. Ndiva bila msaragambo ni dimbwi tu, mdogo wangu.

Usikate tamaa lakini. Watu hawagombei kigoda cha kitu kisicho na maana.

Kunde sita zimepungua. Ni mwaka wa njaa, usiulize.

Dada yako,
Nakiete


Same,
24 Machi 1974

Dada Nakiete,

Shikamoo. Barua yako niliisoma, nikaifunga, nikaifungua tena. Niliteremka Same kusoma nikiwa na miaka kumi. Nilikuwa naukumbuka mfongo kwa macho ya mtoto anayeoga, si ya mtu anayengoja maji.

Nimeanza upya. Kanuni ni tisa. Mchezaji akifikiwa na zamu anachagua moja: afungue maji yaende shambani kwake, au aende kwenye msaragambo, yaani aweke kokoto moja ndivani. Mzunguko ukiisha na kokoto hazijafika mbili, tope linafunika sehemu moja ya ndiva. Zikifunikwa zote sita, hakuna mshindi, wote wamelala njaa. Mzunguko wenye kokoto mbili au zaidi ni msaragambo uliotimia, na unaofuata unaanzia shamba la mwisho. La Baba.

Niliujaribu peke yangu, nikihama kutoka kigoda hadi kigoda. Kila nilipokaa nilitamani mwingine ndiye aende kwenye msaragambo. Nikajionea aibu, halafu nikafurahi kwa kuwa nimejionea aibu.

Nimeongeza kadi kumi na mbili. Kabla ya kuchagua, mchezaji anachukua kadi na kuisoma kwa sauti. "Fuko ametoboa ukingo. Toa kunde moja." "Mkweo amekuja kukusaidia kulima. Ongeza moja." Herufi nimeziandika kubwa kwa ajili ya macho ya wazee.

Tafadhali usimtajie mtu yeyote wa ofisini kwetu.

Mdogo wako,
Anaeli


Vudee,
7 Aprili 1974

Anaeli,

Marahaba. Sasa hiki ni kitu.

Wamecheza siku nne. Siku ya kwanza ndiva ilijaa tope, wote wakafa njaa, na ilibidi niingilie kati maana Mwanahalima alikuwa akiwaambia, "Nyie ndio mlioniachia msaragambo peke yangu, na hata kwenye ndiva ya kweli ndivyo mlivyo!" Siku ya pili walikuja mapema. Siku ya tatu walikuja hata wale walioacha kisomo.

Mzee Nathanaeli akatoa dosari. "Una fuko, una ngedere, una mvua ya mawe. Mbona hauna mgeni wa serikali?" Darasa likaangua kicheko. Wakaitunga kadi wenyewe, mimi nikaiandika kwa mkono wangu: "Mgeni wa serikali anakuja. Wote waache majembe wakaimbe barabarani. Ndiva haifunguliwi zamu moja."

Sikiliza sasa. Mwanahalima, ambaye kwa miaka miwili akikutana na neno refu anasema miwani yake imevunjika, hakuwapo tulipoiandika. Siku ya nne kadi ile ikamwangukia. Aliitazama kimya. Midomo ikatikisika. Kisha akaanza kucheka kabla hajaisoma kwa sauti, na sisi bado hatujajua ni kadi gani. Nikajua amesoma. Hakuna mtihani unaoweza kunithibitishia zaidi ya kicheko kile.

Ubao na kadi vyote anavileta Sefu. Tuma Moshi. Na kadi ile usiiondoe. Nakujua.

Dada yako,
Nakiete


Same,
16 Aprili 1974

Dada Nakiete,

Shikamoo. Nimetuma. Kadi niliitoa kwenye bahasha mara mbili na kuirudisha mara mbili. Imekwenda.

Huku hakuna jipya. Mahindi ya njano yamefika kwa treni na foleni ni ndefu. Ndugu Sylvester, karani mkuu wetu, ameniuliza mbona macho yangu mekundu. Nimemwambia ni vumbi.

Ukipata salamu yoyote usiyoitarajia, tafadhali niambie kabla hujaijibu.

Mdogo wako,
Anaeli


Moshi,
6 Mei 1974

Ndugu Nakiete Mgonja,
Mwalimu wa Kisomo,
Vudee.

Ndugu,

Ulitoa anwani ya kaka yako huko Same, lakini nimepata gari linalopandisha madaftari Vudee, na habari hii haifai kukawia.

Tulipokea michezo thelathini na mmoja. Mingi ni maswali ya darasani yaliyovalishwa kofia. Wako niliwapa mpishi wetu na mlinzi wa lango bila kuwaeleza neno, nikakaa mbali. Mchezo unaohitaji mwenye kuubuni asimame pembeni akifafanua bado haujazaliwa. Walisoma kanuni tisa, wakaanza. Chakula cha mchana kilichelewa.

Una kasoro. Kokoto zinakuwa nyingi mno mwishoni, na kadi ya mkwe ina nguvu kuliko mvua. Hayo hutengenezwa, na kutengeneza ndiyo kazi yenyewe. Kubuni huchukua siku moja, kusahihisha huchukua mwaka.

Kadi ya mgeni wa serikali iliandikwa na mtu asiyeogopa. Watu wa namna hiyo ninawahitaji.

Fika tarehe 3 Juni uanze majaribio ya miezi sita. Nipe jibu lako kabla ya mwisho wa mwezi. Ukija, njoo ukiwa umeamua jina lako liandikwe vipi. Hapa jina la mbunifu huandikwa kwenye kona ya ubao, ili wachezaji wajue wa kumlaumu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Respicius Rwegasira
Mkuu wa Karakana


Same,
11 Mei 1974

Dada Nakiete,

Shikamoo. Moshi hawajajibu. Kwa hiyo ni afadhali nikuambie sasa, wakati bado halijawa jambo.

Barua ya mtumishi kwenda idara nyingine lazima ipite kwa mkuu wake. Juu huandikwa "Kupitia kwa", mkuu anasoma, anatia sahihi, ndipo inaondoka. Mimi mwenyewe nimerudisha barua za watu wenye vyeo kwa kukosa maneno hayo mawili. Kupeleka mchezo kwa jina langu kulimaanisha kuuweka mezani kwa Ndugu Sylvester, pamoja na kadi ile. Na anayepanga mapokezi ya wageni wa serikali ni Ndugu Sylvester.

Niliandika jina lako. Nilijiambia mwandiko wa kadi ni wako. Nilijiambia wewe unafundisha kwa kujitolea, hakuna wa kukufukuza. Nilijiambia mengi, na yote yalikuwa na vifungu.

Iwapo mtu atachukizwa na kadi ile, atakuja kwako. Nimekuwa nikilijua hilo kwa karibu mwezi mzima. Naomba radhi.

Anaeli


Vudee,
17 Mei 1974

Anaeli,

Umekuwa kama mtu aliyefika mtoni akamwambia dada yake, "Tangulia wewe," si kwa heshima, bali apime kina.

Barua ya Moshi ninayo tangu tarehe tisa. Nimeiambatisha, isome. Wanataka mbunifu wa mchezo aende tarehe tatu Juni. Wanamtaka Nakiete Mgonja.

Nami nikuambie langu, maana siwezi kukuhukumu huku nimekalia kitu. Siku nane nimekaa na barua hii nimeifunga kwenye pindo la kanga. Siku ya kwanza nilikasirika. Siku ya pili niliisoma tena pale aliposema "mtu asiyeogopa", nikaona kwani uongo? Msaragambo si mimi niliyeusema? Siku ya tatu nilipiga pasi gauni langu la kijani. Mama aliponiuliza naenda wapi nikasema kanisani, na ilikuwa Jumamosi. Halafu ikaja barua yako, bila kujua kwamba ninayo. Ungengoja siku chache zaidi ungenikuta kwenye basi.

Lakini nilipokuwa nikijiona Moshi, nilijiona nikiwafundisha wale watu wacheze. Sikujiona hata mara moja nikihama kutoka kigoda hadi kigoda peke yangu, nikitafuta kasoro. Huyo ni wewe. Mimi nina wanakisomo ishirini na watatu na mtihani mwakani, na Mwanahalima ameanza kuandika barua kwa mwanawe aliye kwenye mashamba ya mkonge. Siondoki.

Sasa nisikilize. Andika Moshi kwa jina lako, kwa njia halali, kupitia kwa huyo Sylvester wako. Sema ukweli wote, na jina langu liwemo mahali pake. Kama hadi tarehe 28 sijasikia kwamba umeandika, nitavaa gauni la kijani niende. Nitakuwa mbunifu wa michezo, na wewe utapanga majalada hadi ustaafu.

Nakiete

Nilisahau: marahaba.


Same,
21 Mei 1974

Mkuu wa Karakana,
Moshi.

Kupitia kwa: Karani Mkuu, Same.

Ndugu,

MCHEZO WA NDIVA

Mchezo ulioupokea kwa jina la Ndugu Nakiete Mgonja niliuchora mimi. Niliandika jina lake bila ruhusa yake, kwa sababu niliogopa.

Yeye aliujaribu na wanakisomo wake, akaniambia mahali ulipokufa, na fikra ya msaragambo na ya zamu ya shamba la mwisho imetoka kwake. Kadi ya mgeni wa serikali ilitungwa na darasa lake. Mtu asiyeogopa uliyemwandikia ni yeye. Mimi ni yule mwingine.

Kama bado unamhitaji mtu wa kusahihisha kokoto na kadi ya mkwe, naomba kufika tarehe 3 Juni. Kama humhitaji, naomba mchezo usitupwe kwa kosa langu.

Anaeli Mgonja
Karani wa Masijala

Dokezo: Nimeisoma. Ipite. Mtumishi huyu hajawahi kupoteza jalada. — Sylvester K., Karani Mkuu, 22/5/74


SIMU YA MAANDISHI
MOSHI 29 MEI 1974
ANAELI MGONJA SAME
NJOO TAREHE TATU. LETE KADI MPYA YA MKWE. MPISHI ANALALAMIKA.
RESPICIUS


Same,
1 Juni 1974

Dada Nakiete,

Shikamoo. Ile karatasi niliyompa Sefu tarehe 22 yenye neno "Nimeandika" ilikuwa fupi kwa sababu lori lilikuwa likiondoka. Sasa nikueleze.

Niliiweka barua mezani kwa Ndugu Sylvester, nikataka kutoka. Akasema, "Simama hapo." Akaisoma, akairudia. Akauliza, "Huo mchezo uko wapi?"

Nikamwambia uko Moshi, ila nina nakala. Karani hakosi nakala. Nikaichukua chini ya meza yangu. Akazisoma kanuni kwa kidole. "Tisa tu? Kweli ofisi hii haijakufundisha kitu." Sikujua kama nicheke. Kisha akazifunua kadi moja moja, na nikaiona ile mkononi mwake.

"Barua yako inataja darasa. Wa kuulizwa kuhusu hii ni nani?"

Dada, neno "dada" lilifika kabisa kwenye meno. Nikalimeza. Nikasema, "Ni mimi, Ndugu. Iko kwenye mchezo wangu."

Akaisoma tena kwa kidole, neno kwa neno. Nikasikia mhudumu akifagia barazani hadi akamaliza.

"Haijakamilika," akasema.

"Ndugu?"

"Mgeni asipokuja, je? Mwaka jana nilipanga mapokezi saba. Waliofika ni wawili. Hizo nyimbo tano nani alizisikia? Weka kwamba virushwe vifuniko. Visipolala chali viwili, mgeni hakuja, na zamu imepotea vilevile." Akaandika dokezo, akatia sahihi. Nilipofika mlangoni akaniita. "Kiti chako sikuwekei. Ukishindwa huko usirudi hapa kukitafuta."

Kwa hiyo nakwenda bila pa kurudia. Nimekabidhi majalada leo asubuhi. Basi ni kesho saa mbili. Usiku wa jana nililala vizuri, jambo ambalo limenitia wasiwasi kidogo.

Nimeirekebisha kadi ya mkwe: anakuja kukusaidia kulima, lakini lazima umlishe. Mwambie Mwanahalima aniandikie kama inafaa. Aandike mwenyewe, wewe usimsaidie.

Ubao mpya nimeuchora juu ya kipande chembamba cha mbao alichoniletea Sefu. Kwenye kona, kama Ndugu Respicius alivyotaka, nimeandika majina mawili, langu na lako. Langu limetangulia. Usidhani ni majivuno, dada. Safari hii ni zamu yangu kupima kina.

Mdogo wako,
Anaeli Mgonja